Msimvishe Babu Shali Nyingine

Sisi watu wa Kozhikode, kusini mwa India, tukimpenda mtu tunamvisha shali. Anaitwa jukwaani, anafunikwa mabega, kamera zinamulika, watu wanapiga makofi, kisha anarudishwa kitini kwake taratibu kama mtoto aliyetoka kutahiriwa. Basi. Hapo tumeshampenda. Kabati la babu yangu limejaa shali mpaka mlango haufungi. Bibi amezishona nyingine kuwa foronya, moja ni pazia la bafuni, na ile ya hariri ya zambarau, aliyopewa na chama cha wenye majumba ya sinema, nimeifunga mimi kwenye boriti iwe bembea ya binti yangu Mehrin. Kati ya shali zote hizo ni hiyo tu iliyowahi kufanya kazi ya maana.

Babu yangu ni Alavikoya. Kwetu jina hilo halihitaji nyongeza. Mwigizaji wa filamu anafungua kinywa chini ya mvua, lakini kinachotoka ni sauti ya Babu. Alianza akiwa kijana, akiimba kwenye harusi za mtaa wetu wa Thekkepuram, mpaka siku moja mtunzi wa muziki wa filamu alikuja harusini kula biriani, akamsikia, biriani ikapoa mbele yake. Akamchukua Madras, ambako filamu zetu zote zilitengenezwa zama hizo. Babu aliimba huko miaka mingi. Waigizaji walizeeka, wakaota vitambi, wakavaa nywele za bandia, na yeye akaendelea kuwaazima ujana. Kisha akaja Dharmapalan, kijana mwenye sauti nzuri, sikatai, na ulimi wa asali mbele ya matajiri wa filamu. Babu hakujua kuzungukazunguka milango ya watu. Walipoacha kumwita, alirudi nyumbani, na tangu hapo amekuwa akiimba kila Jumamosi ghorofani juu ya ghala la nazi kavu, yeye na rafiki yake Vasu mpiga kinanda, na wapakizi wa sokoni na mawakili wamekaa mkeka mmoja. Nimewahi kumwona mama mtu mzima akilia kwenye foleni ya samaki kwa sababu redio ya muuzaji ilikuwa inapiga "Taa ya Dirishani" ya Babu. Samaki wakachaguliwa na wengine, yeye analia tu.

Kwa hiyo msiniambie hapendwi. Najua anapendwa. Hilo ndilo linalonitia hasira.

Babu ni mpole kupita kiasi. Kwetu mume ndiye anayehamia nyumbani kwa mke, na jina la bwana harusi halimtoki mpaka aingie kaburini. Babu hana meno ya nyuma, lakini dada zake Bibi bado wanaulizana jikoni, "Bwana harusi ameshakunywa chai?" Naye amekaa nyumba hii nusu karne kama mgeni mwema: hapazi sauti, hadai, chumvi ikizidi anakula, chumvi ikikosekana anakula. Nyumbani sifa hiyo inapendeza. Ulimwenguni inamfanya kila mtu akukalie.

Mwaka huu koo lilianza kumkwaruza. Tulidhani ni mafua. Daktari aliingiza kamera yake, akatuonyesha, akasema zoloto lote, chombo chenyewe cha sauti, litatolewa Jumatano ya wiki ya tatu tangu siku ile. Ataishi, inshallah. Atapumua kwa tundu la shingoni. Kuimba, hapana. Kuongea pia, si kwa sauti tunayoijua.

Babu aliuliza jambo moja tu. "Kabla ya hapo, naruhusiwa kuimba?"

"Ukinyamaza kabisa tangu leo," daktari alisema, "huenda likabaki la kuimba kidogo. Lakini usipande juu, mzee. Chini chini tu."

Akanyamaza. Tangu tulipotoka hospitalini hakusema hata neno moja. Chai aliomba kwa kupiga makofi, gazeti kwa kukunjua viganja. Mehrin alikuwa amezoea kulazwa na sauti yake. Jioni alimnyooshea mikono, na Babu alimbeba, akampigapiga mgongoni kwa mdundo, midomo ameifumba. Mtoto anamtazama kinywani, anangoja. Mimi nikaenda kuosha vyombo ambavyo vilikuwa safi.

Ndipo alipokuja Premarajan. Ni katibu wa chama cha sanaa, mtu wa mashati meupe na simu mbili, si mtu mbaya. Nalisema hilo mapema kwa sababu baadaye nitasema mengine. Alikaa barazani, akala ndizi za kukaanga za Bibi, akasema, "Dada Raihana, Jumapili tunataka kumheshimu Ustadh. Waziri mwenyewe atakuja."

Babu akatikisa kichwa. Akashika ncha ya shali ya kufikirika begani kwake, akaitupa pembeni. Kisha akagusa koo, akainua kidole kimoja.

"Anasema hataki shali," nikamfasiria. "Anataka kuimba wimbo mmoja mbele ya watu wake. Jumatano inayofuata anakatwa koo, kaka. Hakuna tena baada ya hapo."

Macho ya Premarajan yalijaa machozi, na hayakuwa ya uongo. Akamshika Babu magoti. "Wimbo mmoja, Ustadh? Hata kumi! Tena utaimba kwanza kabisa, kabla mtu yeyote hajafungua mdomo. Naapa kwa mama yangu."

Siku zile Babu alikuwa na furaha ambayo sikuwahi kuiona. Asubuhi alikuwa anapitia wimbo kichwani, vidole vikihesabu mapigo pajani, kope zimefumba. Akifika mahali pa juu, uso wote unapanda. Nilijua anaimba "Taa ya Dirishani". Bibi alimpikia uji wa mtama wenye siagi ili koo liteleze.

Jumapili tulifika ukumbini saa tisa kasoro. Ulikuwa umejaa hadi ngazini. Tulikuwa nao mpaka saa kumi na mbili tu, kwa sababu usiku palikuwa na harusi, na tayari nyuma ya jukwaa wapambaji walikuwa wanafunga maua ya plastiki kwenye nguzo. Babu aliwekwa mbele jukwaani, kwenye kiti cha plastiki. Katikati palikuwa na kiti kikubwa cha mahameli nyekundu, cha waziri. Kilikuwa kitupu.

Saa tisa ikapita. Nikaenda kwa Premarajan. "Aimbe sasa, kaka. Watu wamekaa tu."

"Kabla taa ya ufunguzi haijawashwa? Dada, hiyo ni nuksi! Na anayewasha ni waziri. Yuko njiani."

"Njia ipi?" Vasu akauliza kutoka kwenye kinanda chake. "Ya hapa au ya Delhi?"

"Anafungua duka la dhahabu pale mtaa wa pili, Mzee Vasu. Anamaliza tu."

"Ah, basi sawa. Dhahabu ikingoja inaoza."

Watu wakacheka. Babu pia alicheka, bila sauti, akijifunika mdomo asije akakohoa. Subira yavuta heri, Bibi akaniambia, kaa chini. Nikakaa. Huwa nampenda Bibi, lakini nataka siku moja mtu anionyeshe hiyo heri ambayo subira ya Babu imewahi kuivuta.

Waziri aliingia jua likiwa limeshalala upande. Taa ikawashwa, kamera zikamsukuma Babu kwa viwiko. Nikasema haya sasa. Wapi. Ikaja dua ya wasichana wa shule. Ikaja hotuba ya kukaribisha, ambayo ilimkaribisha kila mtu kwa jina na cheo mpaka mkandarasi wa spika. Ikaja hotuba ya mwenyekiti. Kisha pongezi. Kila mpongezaji alikuja na shali yake. Nilimtazama Premarajan, naye akanionyesha kwa kidole: moja tu zaidi, dada, moja tu.

Mmoja alisema Babu alikwenda Madras kwa miguu, peku. Alikwenda kwa gari moshi, na Bibi alimfungia halua. Mwingine, profesa, alieleza kwa kirefu jinsi umaskini ulivyoinoa sauti yake, kana kwamba njaa ni mwalimu wa muziki na yeye profesa angependa kumpa kazi. Mwingine alilia hadi akashindwa kuendelea, tukashukuru, kisha akaendelea. Kilemba cha ukoka kimoja juu ya kingine. Joto lilikuwa kali, mafeni yanazungusha hewa ileile, na Babu alikuwa anazama ndani ya shali, zambarau juu ya kijani juu ya dhahabu, kimebaki kichwa tu kama kobe. Alikuwa na chupa ya maji ya uvuguvugu mapajani. Kila jina lilipoitwa alikunywa funda moja, kuliweka koo tayari, kwa sababu alifikiri sasa ni yeye. Akanywa mpaka chupa ikaisha.

Waziri akasimama mwisho. Alizungumzia barabara. Alizungumzia upinzani. Kisha akalainisha sauti.

"Ndugu zangu, mimi nimekuzwa na sauti ya mtu huyu. Nilipokuwa mwanafunzi, tumefungwa jela kwa ajili ya haki zenu, wimbo wake ndio ulikuwa mkate wetu. Mniruhusu, ingawa mimi si mwimbaji..."

"Imba! Imba!" safu za mbele zikapiga kelele.

Akaimba. Jamani, akaimba "Mto Umegeuza Njia". Akafumba macho, akatikisa kichwa, akaimba beti zote tatu na kiitikio, nje ya mdundo.

Huo si wimbo wa Babu. Ni wa Dharmapalan. Ni ule wimbo ambao Babu alikuwa ameshaandaliwa kuurekodi. Alikuwa ameshaujua, alikuwa ameshapanda gari moshi, na alipofika Madras akamkuta Dharmapalan amesimama mbele ya kipaza sauti. Ni wimbo uliomrudisha nyumbani.

Na mji wetu si mji wa watu wasiojua. Hapa muuza maji ya limau anajua nani aliimba nini, filamu ipi, mwaka upi, na nani alipiga filimbi. Watu hugombana msikitini kwa ajili ya hayo. Nilitazama safu baada ya safu, nikaona nyuso zinashtuka kwenye mstari wa kwanza wa wimbo. Wote walijua! Profesa alijua. Premarajan alijua, akainamia kiatu chake. Wakajua, na waziri alipomaliza wakapiga makofi.

Babu naye akapiga makofi. Ndani ya shali zile, mikono yake ikatafuta pa kutokea, ikatokea, ikapiga makofi.

Nilitaka kumrukia waziri, na nusu ya hamu hiyo ilikuwa kwa Babu mwenyewe.

Waziri akamvisha shali, akatazama saa, akashuka. Nusu ya ukumbi ikashuka naye kumsindikiza garini, simu juu, wakipiga picha za kisogo chake. Premarajan akakimbilia kipaza sauti. Shati lilikuwa limemganda mgongoni.

"Ndugu wapenzi, muda umetutupa mkono, wenzetu wa harusi wameshafika. Wimbo wa Ustadh tutausikiliza siku nyingine, Mungu akipenda. Sasa namkaribisha mtoa shukrani..."

Siku nyingine.

Nilisimama na Mehrin nyongani. Sikumbuki nilivyopanda ngazi zile. Nakumbuka nikisema, na kipaza sauti kikilichukua neno langu kikalitupa ukumbini: "Siku nyingine ipi?"

"Dada Raihana, tafadhali, tusiharibu shughuli..."

"Nimekuuliza, kaka. Siku nyingine ipi? Kesho analazwa. Keshokutwa hali kitu. Jumatano anakatwa. Hiyo siku nyingine yako iko wapi? Nionyeshe, maana mimi kwenye kalenda yangu siioni."

"Waziri alichelewa, mimi nifanye nini?"

"Uliapa kwa mama yako!"

"Shuka, binti," mwenyekiti akanong'ona kwa ukali. "Aibu. Mwanamke na mtoto wake jukwaani."

"Aibu mmeiona leo? Mzee wa watu amekaa tangu mchana kama kamba ya kuanikia nguo, anaimbiwa wimbo wa mtu mwingine, mnapiga makofi, na aibu ni mimi?"

Babu alikuwa amesimama. Akanishika mkono, akanipa ile ishara yake, kiganja chini: basi, mwanangu, twende nyumbani. Hapo ndipo nilipovunjika.

"Na wewe, Babu! Wewe ulipiga makofi! Amekuimbia 'Mto Umegeuza Njia' usoni, na wewe ukampigia makofi! Ukienda hospitali bila kuimba, watasema hukutaka. Watakuja na shali!"

Sijawahi kumpandishia Babu sauti. Mehrin akaanza kulia. Babu akaanza kuzivua zile shali, moja moja, bila haraka, akaziweka kwenye kiti cha mahameli cha waziri mpaka kiti kikaonekana kama mtu mnene amekaa. Akabaki na shati lake jeupe lililolowa jasho.

"Vasu," akasema. Sauti ilitoka kama mlango uliokaa bila kufunguliwa. "Fungua kinanda."

"Nimekifungua tangu saa tisa, mjinga wewe," Vasu akajibu, analia.

Wakati huohuo mjomba wa bibi harusi aliingia kwa mlango wa kati na watu wake wamebeba masufuria. Mtu mpana, manukato yametangulia. "Nyie bado mpo? Kuanzia saa kumi na mbili hata hewa ya humu ndani ni yetu! Haya, viti! Fundi, zima hiyo!"

Fundi wa spika akainama kuvuta waya ukutani. Nilikuwa karibu. Nikaweka mguu juu ya soketi na ndala yangu.

"Dada, toa mguu."

"Sitoi."

Babu akaanza. Hakutoa salamu, hakushukuru kamati. Aliingia moja kwa moja kwenye "Taa ya Dirishani", chini, chini kuliko kwenye redio, na sauti haikuwa ile. Nisidanganye. Ilikuwa na mchanga ndani yake. Lakini kila neno alilishika na kuliweka mahali pake kwa namna ambayo waziri akiimba miaka mia hataipata. Mehrin akanyamaza, akageuza shingo kuitafuta. Kwenye ubeti wa pili sauti ilikatika kabisa, mdomo ukabaki wazi bila kitu. Vasu akaendelea kupiga, akaizunguka ile nafasi, akaizunguka tena. Babu akameza mate, akarudi.

Watu wa harusi hawakunyamaza. Watu husimulia mambo kama haya wakisema dunia ilisimama; haikusimama. Viti vilikokotwa, sufuria likaanguka, mtu akagombana na mpambaji kuhusu mlango wa maua. Waliobaki kusikiliza hawakujaza safu nne. Wengine walikuwa nje wakiangalia vumbi la gari la waziri, na walipoisikia sauti kwenye spika za nje wakaanza kusukumana mlangoni kurudi, wakakutana na masufuria ya biriani yanaingia. Niliwaona wakinyoosha shingo juu ya mvuke. Sikuwahurumia.

Wimbo ukaisha. Premarajan alikuwa analia waziwazi, mikono yake inapapasa kiti cha waziri. Akaokota shali ya juu kabisa, akaikunjua, akamwendea Babu.

"Kaka Premarajan," nikasema, "ukimvisha hiyo nakuuma."

Akasimama nayo mikononi, hajui aipeleke wapi. Nadhani kweli hakujua kitu kingine cha kufanya na mapenzi yake.

"Alhamdulillahi, imekwisha," mjomba wa bibi harusi akasema. "Mzee, hongera, Mungu akuponye. Sasa tupishe. Bibi harusi yuko mlangoni."

"Bado," Babu akasema.

"Bado nini?"

"Mwambie aingie akae. Mimi nimengoja watu maisha yangu yote. Leo mnaweza kuningoja kidogo."

Bibi, kule chini, akaweka mkono mdomoni. Nusu karne ndani ya nyumba yake, na hajawahi kumsikia bwana harusi akikataa kitu. Vasu hakuuliza wimbo gani. Babu alimpa mdundo kwa vidole, wa haraka, na mimi nikautambua kabla ya wengine: alikuwa anachukua "Mto Umegeuza Njia", aliokuwa amejifunza kwa ajili yake mwenyewe na hakuwahi kuuimba mbele ya mtu. Aliuanzisha polepole kuliko Dharmapalan, na mara nikaelewa jinsi ulivyotakiwa kuwa.

"Dada," mjomba wa bibi harusi akanisogelea, jasho na manukato, "nakuomba kwa adabu. Ondoa huo mguu."

"Njoo uuondoe wewe."

Hakuthubutu kumgusa mwanamke mwenye mtoto mbele za watu. Nyuma yake bibi harusi alikuwa ameingia na wenzake, mikono yote hina, hajui akae wapi, na mtu akampa kiti cha plastiki safu ya mbele. Babu akavuta pumzi, akainua kidevu, akaanza kupanda kwenye ile sehemu ya juu ambayo daktari alimkataza.